Kidonda cha Maski Usoni kwa Mzee Faki

Nani amewaambia nyie kwamba maski ikivuja dawa yake ni kukaza mkanda? Nataka nimjue huyo mtu. Juzi nimeingia nyumba moja hapa Mabawa kumjulia hali mgonjwa, nikamkuta mama wa watu kafungwa maski ya oksijeni, mashavu yamevimba juu na chini ya mkanda, masikio yamekunjika, machozi yanamtoka. Kijana anayemuuguza kakaa pembeni anasoma gazeti la michezo. Namuuliza mbona umemkaza hivi, ananijibu, "Ilikuwa inavuja, kaka." Ilikuwa inavuja. Na pua ya mama imeshachubuka inatoa majimaji, hiyo yeye haioni, anageuza ukurasa.

Ndiyo maana nimekaa kitako nikaandika. Nyie mnaoingia kazi hii ya kuuguza watu majumbani, mnaolipwa na watoto walioko Dubai na Maskati wasioweza kuja kuwatazama wazazi wao wenyewe, nawaandikia nyie. Na hizo mashine za pumzi, za watu wanaokatika pumzi usingizini, zimeanza kuingia mjini moja moja kwenye mabegi ya wasafiri. Mtaziona zaidi. Msije mkasema hamkuambiwa.

Mnaniita mstaafu, mnanitania. Sijafika arobaini na meno yangu yote ninayo. Sikustaafu mimi, nilipunguzwa. Mambo yalipofunguliwa, serikali ikaambiwa wafanyakazi ni wengi mno, na wahudumu wa wodi tukaonekana ndio wengi kuliko wote. Tukaagwa kwa soda. Miaka yote ile tunafua mashuka bila sabuni, hakuna aliyetuona wengi. Hilo nikiliendeleza hapa nitavunja kalamu, na leo nimekusudia kusema ngozi.

Chuo cha uuguzi sikukiona hata geti lake. Nimemaliza la saba, nikaingia hospitali kupiga deki, na kila nilichokijua nimekijua kwa kuchungulia na kuuliza mpaka watu wakanichoka. Asiyenichoka alikuwa Sista Agnesi. Mbondei wa Muheza, mfupi, sauti yake ya chini, lakini ukimkosea mgonjwa wake sauti hiyo hiyo ya chini inakurudisha kupiga deki upya. Mtu akimsema vibaya mbele yangu mpaka leo hatuondoki salama hapo.

Wakati ule wa shida, wodini hakukuwa na kitu. Mgonjwa alikuja na sabuni yake, na shuka lake, na wengine na ndoo yao. Maski za oksijeni zilikuwa za kuhesabia vidole, zimechemshwa mpaka plastiki imekakamaa, na mipira ya kufungia ilishakatika zamani. Sasa nyie mnaijua Tanga, mji wa baiskeli huu, kila tatizo tunaliona lina dawa kwenye tyubu. Mwenzetu mmoja, Ramadhani, akachukua tyubu kuukuu, akaikata vipande vyembamba, akafungia zile maski. Zikashika barabara. Tukampongeza, mimi nikiwa wa mbele. Kesho yake asubuhi wagonjwa wana michirizi nyuma ya masikio, mmoja sikio limeliwa mpaka linatoka damu. Mpira wa baiskeli na jasho na joto la Tanga, we unategemea nini?

Sista Agnesi hakumfokea mtu. Akachukua kipande kimoja cha tyubu, akamfunga Ramadhani mwenyewe kichwani, kikapita juu ya masikio, akamwambia aendelee kupiga deki vivyo hivyo mpaka chakula cha mchana. Saa sita haijafika Ramadhani anasugua kichwa ukutani kama mbuzi. Baada ya hapo tukakaa wote chini, tukachana shuka kuukuu, tukachemsha, tukaanika, tukapiga pasi, tukafanya mikanda ya kitambaa. Palepale akatufundisha kutazama ngozi, na hili mlishike nyie.

Maski ikitoka usoni imeacha alama, bonyeza kwa kidole. Alama ikififia ukibonyeza halafu ikarudi, ngozi bado iko hai, imechoka tu, ipumzishe. Ukibonyeza na haibadiliki, hapo umechelewa, kidonda kinakuja kutoka ndani. Na sisi watu weusi msitegemee kuona wekundu, wekundu wetu mara nyingi hauonekani. Gusa. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu? Panabonyea kama tope? Panang'aa kuliko jana? Hivyo ndivyo ngozi yetu inavyolalamika. Kazi hii ni ya vidole kabla ya kuwa ya macho, na huwezi kuifanya umeshika gazeti.

Sasa niwape habari ya Mzee Faki.

Mzee Faki ni Mpemba, kaja Tanga kijana na magunia ya karafuu, akaoa kwao akamleta mkewe, Bi Mize, akafungua duka la mchele Ngamiani, na siku hizi wanakaa Raskazone kwenye nyumba moja kubwa ya kizamani yenye madirisha marefu. Mtu mkarimu, mtu wa ibada, lakini alikuwa na taabu moja mji mzima waliijua. Alikuwa analala. Anampimia mteja mchele, kibaba kiko hewani, Mzee keshaondoka. Kwenye hotuba ya Ijumaa wengi tunasinzia, tusidanganyane, lakini yeye alikoroma mpaka imamu akapandisha sauti. Watu wakacheka. Wakasema utajiri umemchosha.

Mwanawe Hamadi, anayefanya kazi Maskati, hakucheka. Akamchukua baba yake huko, madaktari wakamlaza wakamtazama akilala, wakasema huyu koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika, anashtuka, inarudi, inakatika tena, mpaka asubuhi. Kwa hiyo halali kabisa, anapigana tu. Wakampa mashine inayosukuma hewa kwenye bomba mpaka kwenye maski ya pua. Wakamwambia bila hii, moyo wako utachoka siku moja hautashtuka.

Akarudi nayo Tanga. Siku za mwanzo, wanasema, alikuwa kijana. Anafungua duka mwenyewe, anataniana na wateja, anakumbuka madeni ya watu waliyokwisha kuyasahau. Halafu pua ikachubuka, hapa juu kwenye mfupa, na kwenye paji la uso ambapo maski inaegemea. Akawa anaivaa leo, kesho haivai. Usingizi wa mchana ukarudi. Siku moja akaanguka na kiti chake dukani, akapasua mdomo kwenye ukingo wa mizani. Hapo ndipo wakatafuta mtu wa kumtazama, na jirani mmoja aliyewahi kulazwa wodini kwetu akanitaja.

Nilipofika, nimetia breki ya baiskeli tu, Mzee anatoka nje kunipokea, namtazama usoni, damu ikanipanda. Mikanda ilikuwa imemwachia mifereji mashavuni ya kupitisha maji. Namsalimia, shikamoo, marahaba, namwambia Mzee hebu nioneshe unavyoivaa. Anakaa wima kwenye kiti, anaivaa, anakaza mpaka jicho linafumba. Namuuliza, unalala umekaa? Anasema hapana. Sasa mbona unaipima umekaa? Uso wa mtu aliyekaa na uso wa mtu aliyelala si uso mmoja, nyama zinahama. Mpimie mgonjwa amelala, mashine inapuliza, mikanda umeilegeza yote, halafu vuta kidogo huku na kidogo huku mpaka upepo uache kumpiga machoni. Hapohapo simama. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kugombana. Ikivuja kidogo pembeni ya mdomo iache ivuje, hakuna aliyekufa kwa hewa ya pembeni ya mdomo.

Kumbe na kukaza kwenyewe kulikuwa na sababu. Alikuwa anajipaka mafuta ya mgando uso mzima kabla ya kulala, eti maski isimsugue. Maski inateleza, inavuja, anakaza. Anakaza, inamchubua, anaongeza mafuta. Mnaona duara hilo? Usimpake mgonjwa mafuta chini ya maski, yanaulainisha ule mpira unaogusa uso mpaka unaharibika. Aoshe uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ajikaushe kwa kupangusa polepole, basi. Mafuta apake asubuhi akishaivua.

La pili ndilo lililonifanya nipige kelele mpaka majirani wakachungulia. Tangu biashara iwe ruksa, kila kibanda ni duka la dawa, na anayeuza jana alikuwa anauza vitenge. Mzee alikwenda kuulizia dawa ya kidonda cha pua, wakamuuzia krimu. Nasoma boksi lake, naijua, ndiyo ile ile wanayojichubulia wasichana wawe weupe. Mzee wa watu, haji mtarajiwa, anapakwa mkorogo puani! Ngozi ya juu ya pua imekuwa nyembamba kama ya kitunguu, imepauka. Niliitupa chooni mbele yake. Akaniambia, "Shabani, ile ilikuwa ya pesa." Nikamwambia na pua pia ilikuwa ya pesa, tena ilikuja bure, na dukani haiuzwi.

Kidonda cha paji la uso yeye mwenyewe alikuwa kakizoea, tena kilimpa sifa asizozitaka. Msikitini watu waliona alama pale panapogusa msala, wakadhani ni sijida, alama ya mtu wa kusujudu sana. Vijana wakaanza kumbusu mkono, mmoja akaja kumwomba dua ya kupata kazi bandarini. Mzee alikuwa anasema astaghafirullah, hii ni ya plastiki, na wao wakazidi kumwona mnyenyekevu.

Basi nikamshughulikia. Kidonda nilikisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikampeleka kwa daktari akatazame kama kimeingia uchafu, akasema hakijaingia, endeleeni. Mikanda nikaivisha mikono ya kitambaa laini cha khanga kuukuu, iliyofuliwa miaka, hiyo ndiyo laini kuliko kitu chochote utakachonunua. Maski niliiosha kila asubuhi mimi mwenyewe, sabuni ya kipande kidogo, maji ya uvuguvugu, nasuuza mpaka maji yanatoka matupu, naianika kivulini humohumo bafuni, kwenye upepo wa dirisha. Juani mpira unapasuka. Na msiniletee Jik wala Dettol kwenye kitu kinachokaa puani kwa mtu, nitawajia huko huko mliko.

Pua ikaanza kupona. Halafu ikarudi nyuma. Ikapona, ikarudi. Mara hii haikuwa mchubuko wa mkanda, ilikuwa upele mdogo mdogo kuzunguka pua yote, duara kamili la maski, unawasha, anajikuna usingizini, anafungua kidonda upya. Nikamshuku. Nikamwambia Mzee unakaza nikiondoka, akaapa hakazi. Mimi kazi yangu ilikuwa mchana tu, alasiri ikiisha napanda baiskeli narudi Mabawa, yanayofanyika baadaye siyaoni. Nikabadilisha sabuni. Nikabadilisha maji. Usiku anaivaa nusu anaivua, mchana anasinzia, uso umemvimba, na mimi kila nikikata kona kuingia kwao asubuhi naogopa kukuta viti vya msiba vimepangwa nje.

Jumatano moja ananipokea kwa upole wa ajabu. Ananiambia mpwa wake Kombo anaondoka Ijumaa kurudi Maskati, na kesho alasiri atapita kuchukua mashine amrudishie Hamadi.

"Nimeshamaliza, Shabani. Pua n'nayo moja tu."

"Na roho unazo ngapi, Mzee?"

Mkinijua mnajua nilivyoendelea. Nikamwambia mtoto kahangaika ng'ambo, kanunua mashine ambayo hospitali nzima ya mkoa haina, na wewe unairudisha kwa upele, upele ambao hata mtoto mchanga anaupata kwa nepi. Alikuwa ananisikiliza anatazama vidole vyake vya miguu. Mtu anayekasirika humwoni hivyo. Huyu alikuwa na kitu.

Nikaichukua maski nikaioshe, basi angalau iende safi. Bafuni kwao siku ile maji yalikuwa yamekatika, nikatoka nayo uani kwenye pipa, upepo wa bahari unapiga. Ndipo nikaiona kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa jua. Ule mpira laini ulikuja mweupe wa kuonesha upande wa pili. Sasa ulikuwa na rangi ya chai ya maji. Nikaunusa. Udi.

Nyumba ile yote inanukia udi, kuanzia mapazia mpaka mito, ndiyo maana sikuwahi kuusikia pale ndani. Huku nje upepo umechukua kila harufu na udi umebaki kwenye maski. Si udi wa vijiti huo. Ni ule wa kupikwa kwa sukari na marashi na miski, moshi wake mzito una mafuta, ukigusa kitu laini haubanduki. Sisi wodini tulizoea kitu chochote tusichokiamini kukijaribu upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, ngozi ya pale ni laini na husema kweli. Nikaifunga mkononi kwangu bila kuiosha. Adhuhuri inaadhiniwa, mimi najikuna.

Nikamfuata Mzee barazani. Nikamwonesha mkono. Nikamuuliza nani anaifukiza maski.

"Funga mlango," akasema.

Alikuwa anajua. Tangu mwanzo alikuwa anajua! Kila siku baada ya isha Bi Mize huja na chetezo, anafukiza shuka, anafukiza mito, halafu anaishika maski mdomo chini juu ya moshi, vilevile anavyomfukizia kofia na kanzu, anaiweka juu ya mto wake, anamwambia lala salama, anakwenda kulala chumba cha pili. Na Mzee anaivaa inamchoma, akimwona asubuhi anasema amelala vizuri.

"Ananifukizia tangu siku ya harusi yetu," akaniambia. "Leo nimwambie udi wake unanichoma uso? Bora irudi Maskati."

Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mkewe neno. Nikaapa, nifanyeje, mtu mzima kakushika mkono. Lakini nilirudi Mabawa siku ile napiga pedali kama ninaikomoa baiskeli. Mtu anataka kufa kwa adabu! Kwa kuona haya kusema sentensi moja kwa mwanamke anayempenda! Na mimi nimefungwa mdomo, mimi, ambaye sijawahi kunyamaza hata mbele ya mganga mkuu.

Alhamisi asubuhi nikafika mapema, nikiwa nimeshaamua. Niliapa sitamwambia neno. Kumwomba msaada sikuapia.

Bi Mize alikuwa ukumbini kakaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Mwanamke mrefu, mkimya, khanga zake zimekunjwa vizuri kama za maonesho, na hakuwa amewahi kunisemesha zaidi ya salamu. Shikamoo Bibi. Marahaba mwanangu. Nikapiga goti, nikamwambia mimi mkono wangu umekomaa kwa sabuni na deki, hausemi kweli tena, naomba mkono wako laini unipimie hii maski, muda wa kumaliza ungo huo tu. Maski yenyewe ilikuwa haijaoshwa, imetoka kwenye mto wa Mzee vilevile.

"Wewe mtoto una maneno," akasema, lakini akafunua mkono. Nikamfungia kwa kipande cha khanga, nikakaa mlangoni.

Akachagua mchele. Akaendelea kuchagua. Kisha nikaona mkono mmoja unauendea mwingine, unaacha, unauendea tena. Mwisho akasukuma ungo pembeni, akafungua kile kitambaa. Pamejichora duara. Akapasugua kwa kidole gumba. Akaichukua maski akaileta puani, akaishikilia pale muda mrefu.

"Udi wangu huu," akasema.

Sikusema kitu. Wanaonifahamu wanajua ilivyonigharimu.

"Faki ajua?"

Nikaangalia chini. Niliapa kutosema, kuangalia chini hakukutajwa.

Nilitegemea atakasirika, na nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote ya maski na ya pua na ya moyo unaochoka. Hakukasirika. Akaanza kuzungumza taratibu, anautazama ule mchele, na sijui kama alikuwa anaongea na mimi. Akasema umri wake wote na huyu mume kalala naye akikoroma, na mkoromo si taabu, taabu ni ukinyamaza. Ukinyamaza yeye huamka, akakaa, akamsubiri avute pumzi. Akivuta, naye hulala tena. Ndivyo alivyoishi, na hakumwambia mtu.

"Ikaja mashine hino," akasema. "Uso wake wote wanuka plastiki, bomba lapita kifuani, mie nimegeuka mgeni kitandani kwangu, n'kahamia chumba cha pili. N'kasema, kama silali naye, basi harufu yangu ilale naye."

Hasira zangu zote zikakosa pa kukaa. Nilitaka nimgombeze mtu na sikumwona wa kumgombeza. Nikamwambia tu, Bibi, udi haujakatazwa. Fukiza chumba alasiri, maski iwe nje uani, fungua madirisha mpaka moshi wote uishe. Fukiza khanga zako. Kinachogusa uso wake ndicho kisiguswe na moshi wala marashi wala kitu chochote kinachonukia. Halafu nikaongeza lisilokuwa la kazi yangu, nikamuuliza huko chumba cha pili nani aliyemhamisha.

"Kijana, hilo si lako," akasema. Lakini alikuwa anainuka.

Ule mpira uliogeuka rangi ya chai haukuwa wa kuokolewa tena, moshi ukishaingia hautoki kwa sabuni. Bahati nzuri ndani ya begi la mashine kulikuwa na mwingine mpya, Mzee kauweka akiba tangu Maskati, si mnawajua wazee wetu, kitu kizuri kinasubiri siku ambayo haifiki. Bi Mize akauosha yeye mwenyewe, mimi nimesimama pembeni, akausuuza kama anavyosuuza mchele, maji baada ya maji, akaunusa, akausuuza tena. Akaingia chumbani kwa mumewe na maski mkononi, akafunga mlango. Walichoambiana sikukisikia na sikutega sikio, ingawa mlango ule ni mwembamba.

Baada ya swala ya adhuhuri nikaitwa. Umeme upo, Mzee kajilaza. Kidonda nilikiwekea kitambaa chembamba safi kisiguswe na mpira. Nikamwonesha Bi Mize mikanda, akapitisha vidole vyake viwili, akasema bado imembana, akalegeza yeye, na kweli ilikuwa imembana. Mzee anatutazama wote wawili kutoka chini ya maski kama mtoto anayenyolewa. Nikatoka nikakaa barazani.

Alasiri Kombo akapiga hodi na begi tupu begani, kaja kuchukua mashine. Bi Mize akatoka mpaka kizingitini, khanga kichwani, akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba mashine haiendi popote, na Hamadi aambiwe alete mipira ya maski, mingi. Kombo akasema lakini mjomba mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Mjomba wako kalala," akasema Bi Mize, akarudi ndani.

Kombo akanitazama, nikamwonesha mlango wa kutokea. Nyumba ikatulia. Mashine ile inavuma kidogo tu, kama mtu anayepuliza chai, na zaidi ya hapo hakukuwa na kitu, hakuna mkoromo, hakuna kushtuka, hakuna yale makelele ya kukabwa tuliyoyazoea mpaka mtaani. Nilikuwa nasikiliza ukimya ule nimefurahi peke yangu.

Ghafla nikasikia anaitwa. Faki. Faki, Faki. Nikaruka, nikafika mlangoni, nikamkuta Bi Mize kamshika mumewe mabega yote mawili anamtikisa, khanga imeanguka chini. Mzee akainuka macho yametoka, akavua maski, kofia imekaa upande.

"Kuna nini, Mize?"

"Mbona hukoromi?"

Mzee akamtazama. Akanitazama na mimi mlangoni, akamtazama tena mkewe, ambaye bado kamshika bega. Hakucheka, na mimi nilibana meno nisicheke. Akairudisha maski puani mwenyewe, akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, akasogea mpaka ukutani na bomba lake, akapiga nusu ya kitanda iliyobaki kwa kiganja.

"Lala hapa basi," akasema, sauti inatokea ndani ya maski, "usikilize mwenyewe."

Nikafunga mlango.